Kukaa Kitako kwa Darubini: Uthabiti wa Chombo cha Kupigia Picha za Nyota Huko Sindo, Karibu na Ikweta

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna ya kuimarisha kitako cha darubini inayotumiwa kupiga picha za magimba ya mbali angani kutoka uani mwa nyumba. Mahali palipochukuliwa kuwa mfano ni Sindo, Kaunti ya Homa Bay, ukingoni mwa Ziwa Viktoria, kama nusu digrii kusini mwa Ikweta. Hoja kuu ni kwamba maelekezo ya kazi hii hubeba latitudo ya mahali yalikoandikiwa. Anayeyatafsiri kwa Kiswahili bila kuyahamisha kutoka latitudo hiyo huwa amehamisha maneno na kuyaacha maarifa nyuma.

Utangulizi

Wahenga walisema kwamba mti hauendi ila kwa nyenzo. Ingawa methali hii hutumiwa zaidi kuhusu mali na msaada, maana yake ya msingi ni ya kifizikia: mzigo husogezwa kwa wenzo, na wenzo haufai kitu pasipo mahali imara pa kuegemea. Hali ni hiyo hiyo kwa mtu anayepiga picha za nyota. Wengi hudhani kwamba nyenzo yake kuu ni darubini au kamera, na fedha zao zote huishia huko. Lakini darubini bora iliyowekwa juu ya kitako kinachotikisika hutoa picha zilizovurugika, ilhali darubini ya kawaida iliyokaa imara hutoa picha ya kuridhisha.

Sindo ni mji mdogo wa Suba Kusini. Kusini mwake kuna Vilima vya Gwassi, mashariki kuna Bonde la Lambwe na Hifadhi ya Taifa ya Ruma, na magharibi ni maji. Usiku usio na mwezi, taa nyingi zinazoonekana ni zile za wavuvi wa omena ziwani, kwa kuwa giza analolitaka mpigapicha ndilo hilo hilo wanalolitaka wavuvi. Faida kubwa zaidi ya mahali hapa, hata hivyo, ni latitudo yake. Mtu aliye kaskazini mwa Ulaya hawezi kuyaona Mawingu ya Magellan asiposafiri, na aliye ncha ya kusini ya Amerika huiona galaksi ya Andromeda kwa shida au asiione kabisa. Aliye Sindo huyaona yote mawili katika mwaka mmoja. Nebula ya Orioni humpitia karibu na utosini mnamo Januari, na kitovu cha Njia Nyeupe hupanda juu sana mnamo Julai.

Pamoja na neema hiyo, anayeanza kazi hii Sindo hukutana na mkwamo usiku wa kwanza. Kijitabu cha maelekezo humwambia aitafute Nyota ya Kaskazini, naye haioni. Humwambia ainue mhimili wa chombo hadi kwenye latitudo yake, naye hukuta kipimo cha chombo kinaishia digrii 10 au 15 na hakishuki zaidi. Akikilazimisha, fimbo ya uzito hugonga mguu wa chombo, na chombo chenyewe huinama upande mmoja kana kwamba kinataka kuanguka. Hapo huanza kuilaumu mikono yake au kumlaumu aliyemuuzia. Kosa haliko kwa yeyote kati ya hao wawili. Liko katika maelekezo, ambayo yaliandikiwa mahali pengine.

Istilahi zinazotumika

Neno darubini lina asili ya Kiajemi, likiwa na maana ya kitu kionacho mbali, na limezoeleka kiasi kwamba halihitaji maelezo. Kile kinachoibeba darubini ndicho kinachokosa jina lililokubalika. Makala haya yanatumia neno kitako. Kiswahili tayari kina kitako cha mtungi na kitako cha bunduki, na kina usemi wa kukaa kitako, yaani kukaa kwa utulivu bila haraka ya kuondoka. Usemi huo unaeleza kwa usahihi kile kinachotakiwa kwa darubini.

Kitako kina sehemu mbili. Juu kuna kichwa chenye mihimili miwili inayozunguka. Mhimili wa kwanza, unaoitwa hapa mhimili wa ncha, hulazwa sambamba na mhimili wa dunia, na mota huuzungusha polepole ili darubini ifuate nyota. Mhimili wa pili huwezesha darubini kuelekezwa kaskazini au kusini. Chini kuna miguu mitatu, au nguzo moja iliyosimikwa ardhini. Upande wa pili wa darubini kuna fimbo yenye uzito wa kusawazishia. Pembe zitapimwa kwa digrii. Kila digrii ina dakika 60 za tao, na kila dakika ya tao ina sekunde 60 za tao.

Kwa nini nyota hukimbia

Dunia hujizungusha mara moja kwa saa 23, dakika 56 na sekunde 4. Kwa hivyo nyota yoyote iliyo karibu na ikweta ya mbingu huonekana ikisogea kwa sekunde 15 za tao katika kila sekunde moja ya saa. Kwa macho, mwendo huu hautambulikani. Kwa kamera, mambo ni tofauti. Chukua darubini ndogo yenye urefu wa fokasi wa milimita 500, na kamera ambayo kila nukta yake ya kupokea mwanga ina upana wa mikroni 4. Kila nukta huona takriban sekunde 1.65 za tao za anga. Darubini isipofuata nyota, nyota huvuka nukta 9 kwa sekunde moja tu. Nebula nayo ni hafifu mno. Huhitaji picha za dakika mbili, tatu au tano kila moja, zikipigwa nyingi na kuunganishwa baadaye. Bila kitako kinachofuata anga kwa uaminifu, kinachobaki kwenye picha ni michirizi.

Mwendo huu wa dunia una sura mbili. Kwenye Ikweta uso wa dunia husafiri kwa kasi ya takriban kilomita 1,670 kwa saa, na kasi hiyo huisaidia roketi inayorushwa kuelekea mashariki. Hiyo ilikuwa mojawapo ya faida za jukwaa la San Marco, lililojengwa baharini karibu na Malindi. Tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa kutoka hapo setilaiti ya kwanza iliyotengwa mahsusi kuchunguza eksirei za angani. Kwa kuwa siku hiyo ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, setilaiti hiyo ilipewa jina la Kiswahili, Uhuru. Mwendo uleule uliokisaidia chombo hicho kupaa ndio unaomvuruga mpigapicha wa Sindo uani mwake.

Kitako kilichozaliwa kaskazini

Aina ya kitako inayotumika sana kwa kazi hii huitwa kitako cha Kijerumani. Kilibuniwa na Joseph von Fraunhofer kwa ajili ya darubini kubwa iliyopelekwa Dorpat mwaka 1824, mji ambao leo ni Tartu nchini Estonia. Mji huo uko kwenye latitudo ya digrii 58 kaskazini. Pembe ya mhimili wa ncha kutoka ardhini huwa sawa na latitudo ya mahali, hivyo huko Dorpat mhimili husimama kwa mwinuko mkali. Uzito wa darubini huangukia karibu na juu ya nguzo, na fimbo ya uzito hupita mbali na miguu. Umbo zima limetulia.

Kipeleke kitako hicho Sindo, na umbo hubadilika. Mhimili hulala karibu sambamba na ardhi, kama mwiko uliowekwa juu ya chungu. Kichwa kinachobeba darubini na uzito wake husogea nje ya kitovu, kikaning'inia upande mmoja. Fimbo ya uzito, darubini inapokuwa juu, huning'inia wima kuelekea chini, pale pale ulipo mguu. Chombo hakijaharibika. Kimetolewa tu katika nchi ambayo umbo lake liliifikiria, kikaletwa katika nchi ambayo halikuifikiria.

Kwa vitako ambavyo kipimo chake kinaishia digrii 15, hakuna budi kuinamisha kichwa kizima kwa kabari ya mbao ngumu au ya chuma. Mhimili ukiwa umeelekezwa kusini, upande wa kaskazini wa kabari ndio unaopaswa kuwa mnene zaidi, ili ncha ya kusini ishuke. Kupunguza digrii 14 na nusu kwenye kabari yenye urefu wa sentimita 30 kunahitaji tofauti ya unene ya karibu sentimita 8. Kabari hiyo ifungwe kwa bolti pande zote mbili, wala isiwe vipande vilivyopachikwa tu. Ni kosa pia kupata mwinamo huo kwa kurefusha miguu ya kaskazini, kwa sababu chombo kizima huinama pamoja na uzito wake.

Mafiga matatu na uzito unaoning'inia

Jifya moja haliinjiki chungu, na mawili hayatoshi. Mafiga matatu hukaa imara hata mahali pasipo sawa, kwa kuwa nukta tatu daima hulala kwenye bapa moja, ilhali meza ya miguu minne huchezacheza ardhi isipokuwa laini. Hiyo ndiyo sababu vitako vya kuhamishika huwa na miguu mitatu. Hata hivyo, mafiga hubeba chungu katikati, ilhali kitako cha Sindo hubeba mzigo uliosogea kusini. Swali ni mguu upi uelekee kusini.

Tuseme nyayo za miguu ziko sentimita 60 kutoka kitovuni. Mguu mmoja ukielekezwa kusini, mzigo una nafasi ya sentimita 60 upande huo kabla ya chombo kupinduka. Miguu miwili ikielekezwa kusini, ukingo wa pembetatu huwa sentimita 30 tu kutoka kitovuni, yaani nusu ya nafasi ya awali. Kwa upande wa uzito, basi, mguu mmoja kusini ni bora. Lakini mguu huo ndio unaogongwa na fimbo. Hapa ndipo mpigapicha hulazimika kuchagua, na kila chaguo lina dawa yake.

Anayechagua mguu mmoja kusini aweke bomba fupi la chuma kati ya miguu na kichwa, ili kichwa kiinuke na fimbo ipite juu ya mguu. Bomba hilo liwe nene, kwa sababu huongeza urefu wa chombo. Anayechagua miguu miwili kusini aongeze uzito chini. Mathalani, mzigo wa kilo 20 uliosogea sentimita 15 kusini, juu ya miguu yenye kilo 5, huweka kitovu cha uzito wa chombo chote sentimita 12 kutoka katikati. Mfuko wa mchanga wa kilo 20 ukifungwa katikati ya miguu, kitovu hicho hurudi hadi karibu sentimita 7. Mfuko usiachwe ukibembea, kwani mfuko unaobembea huwa chanzo kipya cha mtikisiko. Ugusishwe ardhi kidogo au ufungwe kwenye miguu yote mitatu.

Kanuni mbili nyingine hazibadiliki popote. Kwanza, miguu isirefushwe pasipo haja. Mkunjo wa mguu au wa nguzo huongezeka kwa kipeo cha tatu cha urefu: nguzo ya mita 1.5 ikipunguzwa hadi mita 1, ugumu wake huongezeka zaidi ya mara tatu. Pili, uzito wa kusawazishia uwe mzito na uwe karibu na mhimili. Darubini ya kilo 5 iliyo sentimita 20 kutoka kwenye mhimili inaweza kusawazishwa kwa kilo 5 zilizo umbali huo huo au kwa kilo 2.5 zilizo sentimita 40. Mizani ni ile ile, lakini ukinzani dhidi ya mwendo, ambao wanafizikia huuita inesha, hutegemea kipeo cha pili cha umbali. Uzito mwepesi ulio mbali huwa na inesha mara mbili ya ule mzito ulio karibu. Upepo ukiugusa, huchukua muda mrefu zaidi kutulia.

Nguzo katika udongo wa ziwa

Kwa mwenye ua wake mwenyewe, suluhisho bora ni nguzo ya kudumu. Nguzo iliyosimikwa haiogopi kuelemewa upande mmoja kama miguu mitatu inavyoogopa, hivyo tatizo la uzito unaoning'inia hupungua sana. Kazi hii haihitaji mtaalamu wa nyota. Mwashi yeyote anayejua kujenga msingi anaiweza, mradi aelezwe mambo manne.

La kwanza ni udongo. Sehemu nyingi za Bonde la Lambwe na ukingo wa ziwa zina udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao hufura wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Nguzo iliyozikwa juujuu katika udongo huo huinama kila msimu. Shimo lichimbwe hadi kuipita tabaka inayopasuka, ikiwezekana hadi kwenye changarawe au mwamba, na kina cha mita moja kisihesabiwe kuwa kikubwa. Chini liwe pana kuliko juu.

La pili ni kutenganisha. Zege ya nguzo isiunganishwe na sakafu ya baraza au njia ya kupitia watu, kwa sababu kila hatua ya mtu husafiri katika saruji hadi kwenye darubini. Nafasi inayoizunguka nguzo ijazwe mchanga.

La tatu ni umbo. Ugumu wa nguzo ya mviringo hutegemea kipeo cha nne cha kipenyo chake: nguzo ya zege yenye kipenyo cha sentimita 20 ni ngumu mara 16 kuliko ile ya sentimita 10. Hata hivyo, karibu na Ikweta nguzo nene juu huzuia fimbo ya uzito isipite. Kwa hivyo chini iwe zege nene, na juu liwe bomba la chuma jembamba kiasi na fupi kadiri inavyowezekana. Bomba hilo lijazwe mchanga mkavu. Bomba tupu likigongwa hulia kama kengele. Lililojazwa mchanga hutoa mshindo mfupi na kunyamaza, kwa maana mchanga humeza mtetemo.

La nne ni bolti. Zizikwe katika zege ikiwa bado mbichi, zikiwa zimeshikiliwa na ubao uliotobolewa kwa kipimo cha kitako. Mashimo ya bamba la juu yawe marefu kidogo ili kichwa kiweze kusogezwa mashariki au magharibi wakati wa kulenga.

Kuelekeza mhimili bila Nyota ya Kaskazini

Mabaharia wa pwani waliiita Nyota ya Kaskazini kwa jina la Jaha, na wakaiita Suheli nyota kubwa ya kusini. Suheli huonekana Sindo ikifikia kimo cha digrii 37 hivi. Jaha haiinuki kamwe kiasi cha kufaa. Huzunguka upeoni, ikimezwa na ukungu wa ziwa na miinuko ya nchi. Nyota iliyo karibu na ncha ya kusini nayo ni hafifu mno, tena iko upeoni vile vile. Mpigapicha wa Sindo hana nyota ya kulengea.

Badala yake ana zana za mwashi. Kwa kuwa mhimili unapaswa kulala karibu sambamba na ardhi, pimamaji hutosha kuuweka. Nusu digrii ni sawa na kuinua ncha ya kusini kwa milimita 9 katika kila mita moja ya urefu. Huko Dorpat pimamaji pekee halisaidii hivyo. Huku linafanya kazi ambayo kaskazini hufanywa na nyota.

Mwelekeo wa kaskazini na kusini hupatikana kwa kivuli. Fimbo husimikwa wima kwa timazi, na mduara huchorwa kuizunguka. Asubuhi ncha ya kivuli huingia ndani ya mduara, na alasiri hutoka. Nukta hizo mbili huwekewa alama. Mstari unaoziunganisha huelekea mashariki na magharibi, na unaoukata kwa pembe mraba huelekea kaskazini na kusini. Wanafalaki wa Kiislamu waliuita mduara huu wa Kihindi na kuutumia katika kutafuta kibla. Anayependa kutumia saa akumbuke kwamba Sindo iko karibu digrii 34 mashariki, ilhali saa ya Afrika Mashariki hufuata digrii 45. Kwa wastani, adhuhuri ya kweli ya Sindo hufika saa sita na dakika 43. Mwanzoni mwa Novemba huwahi hadi saa sita na dakika 27, na katikati ya Februari huchelewa hadi saa sita na dakika 57. Kazi hii hufaa zaidi kuelekea Juni au Desemba, kwa kuwa Machi na Septemba jua huwa utosini na kivuli cha adhuhuri karibu hakipo.

Zana hizo humfikisha mtu ndani ya digrii moja au pungufu. Kosa la digrii moja huweza kuipotosha nyota kwa sekunde 16 za tao kila dakika, yaani nukta 10 za kamera iliyotajwa. Likipunguzwa hadi dakika 5 za tao, upotovu hushuka hadi sekunde 1.3 kwa dakika, ambao kamera ndogo ya kuongozea inaweza kuurekebisha. Hatua hiyo ya mwisho hufanywa kwa kuangalia nyota zenyewe, mota ikiwa inazunguka.

Kwanza ichaguliwe nyota iliyo karibu na utosi. Ikionekana kuhama kuelekea kusini, ncha ya kusini ya mhimili imepotoka magharibi, hivyo isogezwe mashariki. Ikihama kaskazini, isogezwe magharibi. Kisha ichaguliwe nyota inayochomoza mashariki hasa, ikiwa imepanda digrii 20 au 30. Hiyo ikihama kusini, ncha ya kusini imeinuka mno. Ikihama kaskazini, imeshuka mno. Zoezi hili hurudiwa mara mbili au tatu. Kwenye miguu mitatu hufanywa kila usiku. Kwenye nguzo hufanywa mara moja na kuhakikiwa mara chache.

Upepo, mguso na mitetemo midogo

Mchana upepo huvuma kutoka ziwani kuelekea nchi kavu, na usiku huvuma kutoka nchi kavu kuelekea ziwani. Kizuizi cha upepo kiwekwe basi upande wa nchi kavu. Ua wa minyaa hufaa kuliko ukuta: huupunguza upepo ukapita taratibu, ilhali ukuta huupindua ukazunguka nyuma yake. Aidha, ukuta wa mawe uliochomwa na jua kutwa nzima hutoa joto usiku, na hewa ya joto hufanya nyota zitetemeke hata kitako kikiwa imara.

Jaribio la uthabiti ni rahisi. Nyota ing'avu itazamwe kwa ukuzaji mkubwa, kisha darubini igongwe kwa kidole. Nyota ikitulia ndani ya sekunde moja au mbili, kitako ni kizuri. Ikiendelea kucheza baada ya sekunde tatu au nne, kuna skrubu iliyolegea, mguu uliorefushwa mno au darubini iliyozidi uwezo wa kitako. Waya za umeme zifungwe kwenye kichwa, zisiburute. Upande wa mashariki uachwe mzito kidogo kuliko wa magharibi, ili meno ya gia yashikane muda wote badala ya kugongana. Kamera ifyatuliwe kwa rimoti. Tena, kwa kuwa mengi ya kupendeza hupita utosini, darubini izungushwe kwa mkono kabla ya kuanza ili kuhakikisha kwamba kamera haitagonga mguu saa nane za usiku.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba uthabiti wa darubini huko Sindo haupatikani kwa kununua chombo ghali zaidi. Hupatikana kwa kuelewa kwamba mhimili umelala, kwamba uzito umesogea, kwamba udongo hufura, na kwamba nyota ya kulengea haipo. Dawa zake ni kabari, mchanga, zege, pimamaji na kivuli, vitu ambavyo fundi wa Sindo anavijua tangu zamani.

Kwa wanafunzi wa Kiswahili, suala hili lina uzito wa aina nyingine. Mijadala ya istilahi huuliza mara nyingi kama Kiswahili kina maneno ya kutosha kueleza sayansi. Maneno yapo, na yanayokosekana huundwa. Swali gumu zaidi ni maneno hayo yanazungumza yakiwa yamesimama wapi. Mtu anaweza kutafsiri kwa ufasaha kamili sentensi inayomwelekeza msomaji aitafute Nyota ya Kaskazini juu ya paa la nyumba yake. Sarufi itakuwa safi, istilahi zitakuwa sanifu, na msomaji wa Sindo atapotea.

Mabaharia wa zamani hawakupotea hivyo. Neno Jaha lilitamkwa Lamu na Mombasa, miji ambayo nyota hiyo haionekani, kwa sababu waliolitamka walijua kwamba ingeinuka kadiri walivyosafiri kuelekea Uarabuni, na walikipima kimo chake ili kujua walipofika. Walikuwa na jina la nyota pamoja na maarifa ya mahali inapofaa. Katika zama hizi, mradi wa The Travelling Telescope, ambao Susan Murabana ni mmoja wa waasisi wake, umewapelekea wanafunzi wengi wa Kenya darubini shuleni mwao. Wanafunzi hao wakitoka hapo na kutaka kusimamisha darubini zao wenyewe, watahitaji kijitabu cha Kiswahili. Kijitabu hicho kianzie kwenye mhimili uliolala, wala si kwenye nyota ya Dorpat. Ikweta hupita katika nchi zinazokizungumza Kiswahili, na lugha hii ina kila sababu ya kuyaeleza maarifa hayo kutoka hapo ilipokaa kitako.